Kabla ya Kumwita Mwongo au Mwenye Pepo: Dalili za Nafsi Iliyogawanyika



Yako makosa ya mtoto ambayo kila mwalimu huyajua: uvivu, utoro, ubishi na uongo. Bali liko jambo moja linalofanana na hayo yote, nalo si mojawapo. Ni mtoto anayekana tendo ambalo darasa zima limemwona akilitenda, naye anapokana hasemi uongo. Hakumbuki. Akipigwa fimbo hulia kama mtu aliyeonewa, kwa sababu kwa upande wake ameonewa kweli.

Somo hili limekusudiwa walimu, wazazi, walimu wa shule ya Jumapili, na wote wanaotembelea nyumba za watu wenye shida. Tutajifunza habari za maradhi ambayo kwa Kiswahili twaweza kuyaita ugonjwa wa nafsi kugawanyika. Shabaha yetu si kujifanya madaktari. Shabaha ni kuzitambua dalili mapema, ili anayehitaji msaada apelekwe panapofaa, wala asipewe adhabu mahali pa tiba.

1. MAANA YAKE

Kila mmoja wetu hubadilika kwa kadiri ya mahali alipo. Mama mmoja huwa mkali sokoni, mpole kwa mtoto mchanga, na mnyenyekevu mbele ya mkwewe. Lakini ni mama yule yule, na jioni hukumbuka yote aliyoyafanya tangu asubuhi. Kumbukumbu ni kama uzi unaopita katika shanga zote na kuzifanya ziwe mkufu mmoja.

Katika ugonjwa huu uzi umekatika. Mtu huwa na hali mbili au zaidi za nafsi, kila moja na namna yake ya kufikiri, kuona haya, kukasirika, na hata kujitambua. Hali moja ikishika usukani, nyingine huenda isijue lililotendeka. Hayo ndiyo mambo mawili ya msingi ambayo madaktari huyatafuta: nafsi kugawanyika, na pengo katika kumbukumbu.

Mmoja wa watu wa kwanza kulieleza jambo hili kwa utaratibu alikuwa Pierre Janet wa Ufaransa. Yafaa walimu wajue kwamba alikuwa mwenzao: alifundisha falsafa katika mji wa Le Havre kabla hajawa daktari. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1889 alionyesha kwamba sehemu ya mawazo na kumbukumbu za mtu yaweza kujitenga na nafsi yote, ikaendelea kufanya kazi yake bila mwenyewe kujua.

Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huu katika orodha yake kwa jina la nafsi nyingi. Mwaka 1994 jina hilo liliondolewa, likawekwa lile la nafsi iliyogawanyika. Badiliko hilo lina fundisho. Mgonjwa hana watu wengi ndani yake. Shida yake ni kwamba hajapata kuwa mtu mmoja mzima.

Wala si ugonjwa wa mtu mmoja katika milioni. Uchunguzi mmoja mdogo uliofanywa Marekani miongoni mwa watu wa kawaida ulikuta kama mtu 1 au 2 katika kila 100.

2. CHANZO CHAKE

Mtoto hazaliwi na utu uliokwisha kukamilika. Hujengwa taratibu, kama nyumba, tofali juu ya tofali. Sasa fikiri habari za mtoto mdogo anayeumizwa mara kwa mara katika miaka hiyo ya kujengwa, na pengine anayemwumiza ni yule yule anayemlisha na kumvika. Hawezi kupigana naye. Hawezi kukimbia, kwa maana hana nyumba nyingine. Mwili wake ukishindwa kuondoka, akili yake huondoka. Lililotendeka usiku hufungiwa chumba chake, na asubuhi mtoto mwingine, tuseme hivyo, hunawa uso na kwenda shule.

Ukuta huo ulimsaidia kuishi. Taabu ni kwamba hatari ikiisha, ukuta hauanguki wenyewe. Mtoto hukua nao, akaoa au kuolewa nao, akaajiriwa nao.

Miongoni mwa wagonjwa waliochunguzwa Marekani, Kanada na Ulaya, kama 90 katika kila 100 walieleza kwamba waliteswa au kutelekezwa utotoni. Lakini chanzo si ukatili wa wazazi kila mara. Chris Costner Sizemore wa Marekani, ambaye habari zake zilitengenezwa filamu mwaka 1957, alieleza kwamba alipokuwa mdogo sana alishuhudia vifo na ajali ya kutisha katika muda mfupi. Kwa hiyo tusimwonee mzazi kwa kumshuku bila ushahidi.

Hata hivyo tusijifiche nyuma ya maneno hayo. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa watoto hao hawapati ugonjwa huu tunaoueleza. Lakini asiseme mtu kwamba jambo lenyewe liko nchi za mbali.

3. DALILI

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Tazama zikija kadhaa pamoja, na kwa muda mrefu.

(a) Kupotewa na muda. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu hujikuta mahali bila kujua alifikaje, au hukuta saa nzima, siku, au mwaka mzima wa utoto wake haumo katika kumbukumbu. Si kusahau ufunguo ulipo; ni kusahau jambo ambalo mtu wa kawaida hawezi kulisahau.

(b) Vitu visivyojulikana vilikotoka. Hukuta katika mkoba nguo asiyokumbuka kuinunua, au katika daftari maneno asiyokumbuka kuyaandika, au mwilini jeraha asilojua alilipataje. Watu wasiomjua humsalimu kwa jina lingine.

(c) Kukana lililo wazi. Mtoto hukana kosa hata ushahidi ukiwa mbele yake. Mwongo wa kawaida hukana mpaka aone faida ya kukana imekwisha. Huyu huendelea, naye amechanganyikiwa kweli.

(d) Ujuzi kupanda na kushuka. Jumatatu anafanya hesabu za sehemu bila taabu. Jumatano hajui hata kuanza, kana kwamba hakufundishwa. Ijumaa anajua tena. Chakula alichokipenda anakitema. Mwandiko katika daftari moja hubadilika kama wa watu wawili. Mwalimu anayesahihisha madaftari kwa makini ana nafasi ya kuona haya kabla ya daktari yeyote.

(e) Kuzubaa na kurudi utotoni. Hukodoa macho akawa kama hayupo, kisha huzungumza kwa sauti ya mtoto mdogo, au huogopa mtu aliyekuwa akimzoea.

(f) Sauti za ndani. Mgonjwa husikia sauti zikibishana, zikimtukana, au mtoto akilia. Mara nyingi husema sauti hizo zimo ndani ya kichwa chake, wala hazitoki nje.

(g) Kujiona kama mgeni. Hujiona yuko kando akiutazama mwili wake, au husema mkono huu si wangu. Wengine hujitaja kwa "yeye" au kwa "sisi".

(h) Huzuni nzito na kujidhuru. Hapa tusifanye mchezo. Miongoni mwa wagonjwa wanaotibiwa huku wakiishi nyumbani kwao, zaidi ya 70 katika kila 100 wamewahi kujaribu kujiua. Majeraha ya kujikata yaliyofichwa chini ya mikono mirefu ya shati ni kilio cha kuomba msaada.

Daktari Frank Putnam wa Marekani alitunga orodha ya mambo 20 ya kumtazama mtoto, ambayo mzazi au mlezi huyajibu kwa kulinganisha na alivyomwona. Si mtihani wa kutoa hukumu, ila humwonyesha daktari pa kuanzia. Mengi tuliyoyataja hapo juu yamo humo.

Wako watakaosema, "Mimi sijamwona mtu akigeuka mbele ya macho yangu." Filamu zimetuzoeza kungoja mageuzi makubwa, mtu akibadili sauti na mwendo kama mwigizaji jukwaani. Kwa kweli wagonjwa walio wengi huficha. Wana haya, huogopa kuitwa wendawazimu, na wengi wao hawajui wenyewe kwamba wamegawanyika. Majirani huona tu mtu asiyetabirika na msahaulifu. Ndiyo maana wengi hutibiwa miaka mingi kwa maradhi mengine kabla ya haya kujulikana.

4. YANAYOFANANA NAYO

Kwanza, kifafa. Kipo kifafa kisichomwangusha mtu chini: hukodoa macho, hutafunatafuna midomo, kisha hakumbuki. Kina dawa, nacho hupimwa hospitalini.

Pili, pombe na dawa za kulevya. Mlevi naye husahau alilolifanya usiku. Akiacha kilevi na mapengo yakakoma, basi sababu imejulikana.

Tatu, skizofrenia. Watu wengi huyachanganya maradhi haya mawili. Mwenye skizofrenia husumbuliwa hasa na imani zisizo za kweli, mawazo yaliyovurugika, na sauti ambazo mara nyingi husikika kama zatoka nje. Nafsi yake haikugawanyika katika hali kadhaa zinazopokezana usukani.

Nne, michezo ya watoto. Mtoto wa miaka minne aliye na rafiki wa kuwazika, anayemwekea hata chakula, hana ugonjwa. Anajua kwamba ni mchezo, na hapotewi na muda.

Tano, mambo yanayoambukiza shule nzima. Wazee wa Bukoba hukumbuka habari za shule ya wasichana ya Kashasha mwaka 1962. Kicheko na kilio vilianza tarehe 30 Januari kwa wasichana watatu, vikawapata 95 kati ya wanafunzi 159, na mwezi wa Machi shule ikafungwa. Hiyo ilikuwa hofu na msongo uliopita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Ugonjwa wa nafsi kugawanyika hauenei darasani namna hiyo. Humkalia mtu mmoja kwa miaka.

5. NA PEPO JE?

Swali hili haliepukiki katika mitaa yetu. Msichana akisema kwa sauti isiyo yake, watu hukumbuka mara moja yule mtu wa Marko sura ya 5, na maombi ya kukemea huanza.

Madaktari wenyewe hawakulidharau swali hili. Orodha ya Marekani ya mwaka 2013 inakubali kwamba, katika jamii nyingine, ugonjwa huu hujitokeza kwa sura ya mtu kupagawa. Inasema pia kwamba desturi ya dini au ya jamii inayokubaliwa na wote isihesabiwe kuwa ugonjwa. Orodha ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imeipa hali ya kupagawa iletayo mateso mahali pake pa pekee, mbali na nafsi kugawanyika.

Karibu nasi, Daktari Marjolein van Duijl na wenzake walifanya uchunguzi kusini-magharibi mwa Uganda, wakauchapisha mwaka 2010. Waliwalinganisha watu 119 waliosemekana kupagawa na watu 71 wasiopagawa. Wale waliopagawa walikuwa na dalili nyingi zaidi za nafsi kujitenga, na pia walikuwa wamepatwa na mambo mengi zaidi ya kutisha maishani mwao. Basi yeyote anayemwombea mtu wa namna hii na ajiulize: Huyu alipatwa na nini?

Kanisa lina mwongozo mzuri katika jambo hili. Mwaka 1975 Askofu Mkuu wa Canterbury, Donald Coggan, aliagiza kwamba huduma ya kufungua watu ifanywe kwa kushirikiana na madaktari, bila kutangazwa, na watu wenye uzoefu walioruhusiwa na askofu wa dayosisi, na kwamba mtu aendelee kutunzwa baadaye. Hivyo ndivyo inavyofaa. Kumshika mtoto kwa nguvu, kumpiga, kumfungisha siku nyingi, au kumwambia mbele ya mkutano kwamba ndani yake mna shetani, ni kumrudishia lile lile lililomvunja. Sehemu ya nafsi inayoitwa pepo na kufukuzwa haitoki, kwa kuwa ni yeye mwenyewe. Hujificha ndani zaidi, na mtoto hujifunza kujichukia. Sala ya utulivu, kwa ridhaa yake, haimzuii mtu kwenda hospitali.

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, msikilize kwa utulivu. Usishangae mbele yake, wala usimwambie, "Haiwezekani."

Pili, usichimbe. Usimwulize, "Je, ni baba yako aliyekufanyia hivi?" Uliza tu, "Unataka kuniambia nini?" kisha nyamaza. Jambo hili lina sababu kubwa. Mwaka 1973 kilitoka Marekani kitabu kilichoitwa Sybil, kikapendwa mno, na baadaye ukweli wake ukatiliwa mashaka mengi. Katika miaka ya 1980 na 1990 waganga wengine wa nchi hiyo, kwa kutumia usingizi wa kuletwa na maswali ya kumwelekeza mtu, walisababisha wagonjwa kukumbuka mambo ambayo hayakutendeka, na nyumba zikavunjika. Hata leo wataalamu hawakubaliani juu ya uzito wa jambo hilo. Kwa hiyo maneno ya mtoto yawe maneno ya mtoto.

Tatu, usiziite nafsi zake zijitokeze, wala usizipe majina. Huyo ni mgonjwa, si mchezo wa kutazamwa. Umwite kwa jina lake siku zote.

Nne, andika. Tarehe, saa, ulichokiona, na maneno aliyoyasema kama alivyoyasema. Usiongeze maoni yako. Karatasi ya namna hiyo humsaidia daktari kuliko simulizi ya nusu saa.

Tano, mlinde. Ukiona dalili kwamba mtoto anaumizwa hata sasa, siri haina nafasi tena. Usikimbilie nyumbani kwao kuuliza, maana huenda utamwuliza mwumizaji mwenyewe, na usiku huo mtoto atalipa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto, Tanzania hata Kenya.

Sita, mpeleke hospitali. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wataalamu wa magonjwa ya akili wako Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, Dodoma. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, na safari iwe siku hiyo hiyo.

7. TIBA NA MATUMAINI

Hakuna kidonge kinachounganisha nafsi. Dawa hutolewa kwa ajili ya huzuni, hofu au kukosa usingizi. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu, na huenda kwa hatua tatu. Kwanza mgonjwa huhakikishiwa usalama na kufundishwa kutuliza hofu yake. Baadaye, akiwa na nguvu, huyakabili polepole yaliyompata. Mwisho hujifunza kuishi akiwa mtu mmoja mwenye historia moja. Kuruka hatua ya kwanza huleta madhara. Kazi hii huchukua miaka, wala jamaa wasikate tamaa mwezi wa tatu.

Chris Costner Sizemore, tuliyemtaja, alipona. Mwaka 1977 alitoa kitabu akijitaja kwa jina lake halisi, akawa akizunguka kuwafundisha watu habari za magonjwa ya akili. Alifariki mwaka 2016, mwenye umri wa miaka 89.

Lakini si lazima tungoje miaka mingi namna hiyo. Mtoto aliyegundulika angali mdogo, akaondolewa katika hatari na kupata mtu mzima mmoja asiyebadilika, ana matumaini makubwa kuliko mtu mzima aliyefichwa miaka 30. Mtu mzima huyo mmoja aweza kuwa mwalimu wake, au shangazi, au mama wa jirani. Basi mara nyingine mtoto akisema, "Sikumbuki," usiinue fimbo haraka. Keti naye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Ni mambo gani mawili ya msingi ambayo madaktari huyatafuta katika ugonjwa huu?
2. Eleza tofauti kati ya mtoto anayesema uongo na mtoto asiyekumbuka. Mwalimu aweza kuziona dalili gani katika daftari?
3. Kwa nini si vizuri kumwuliza mtoto maswali ya kumwelekeza?
4. Katika mtaa wetu, mtu akisemekana kupagawa, sisi hufanya nini? Lipi liendelee, na lipi liachwe?
5. Je, kila mmoja katika kikundi ajua ofisi ya ustawi wa jamii iliyo karibu iko wapi? Asiyejua na aulize kabla ya mkutano ujao.